Shati la Krismasi la Deo

Nyie vijana mnaopita kwangu Misunkumilo kuniuliza habari za ushonaji, karibu wote mnaanza na swali lilelile. Bibi, nguo gani ilikusumbua kuliko zote? Naona mnavyosubiri nitaje suti ya bwana harusi, au yale magauni ya maharusi yenye mkia wa kufagia ukumbi mzima. Hapana. Suti ina utaratibu wake, ukiufuata haikusumbui. Nguo iliyonihangaisha tangu nilipokanyaga cherehani mara ya kwanza mpaka leo ni shati la Krismasi la mtoto mdogo.

Mtoto hatulii. Ukimpima mkono anauinua, ukimpima bega anacheka kwa sababu unamtekenya. Mama yake analeta kitambaa wakati nusu ya mji imeshaleta, na huna moyo wa kumfukuza kwa kuwa mtoto mwenyewe amesimama pale anakukodolea macho. Unakesha, unashona, halafu akija kulijaribu unakuta ameshakua.

Mimi nimestaafu sasa. Hakuna aliyenifanyia sherehe wala kunipa saa ya ukutani. Macho ndiyo yaliyonistaafisha, siku nilipogundua kwamba nimemaliza asubuhi nzima nikitunga uzi pembeni ya sindano. Lakini cherehani yangu sijaiuza. Kila Desemba naifunua, naitia mafuta, nawashonea wajukuu nguo za sikukuu. Konso, mjukuu wangu mkubwa, ndiye anayenitungia uzi, na mshahara wake ni kuchagua vifungo.

Kazi nilifundishwa na Mzee Rashidi, aliyekuwa na cherehani yake kwenye baraza la duka pale sokoni Mpanda. Nilikwenda kwake nikiwa binti mwenye mtoto mgongoni, na huyo mtoto ndiye Anastazia, ambaye leo ana watoto wake. Mzee Rashidi alikuwa mpole mpaka unajiuliza kama amekasirika. Ukikosea hakugombi. Anachukua nguo, anafumua mshono wako wote taratibu, anakurudishia vitambaa, anaendelea na kazi yake. Siku za kwanza nilifumuliwa kuliko nilivyoshona.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mtoto hapimwi kwa nguvu. "Mpe tepu akupime wewe kwanza," alisema. Nanyi jaribuni hivyo. Mtoto akishakupima pua na goti, anakusimamia wima kama askari. Mimi mwanzoni nilijifanya mjanja. Mama mmoja alikuja na mtoto amelala mgongoni, nikaona hii ndiyo nafasi, nikampima akiwa usingizini na mikono ameikunja. Siku ya Krismasi mtoto akaingia kanisani, mikono ya shati imeishia kwenye viwiko. Mama yake alikuwa na akili nyingi, akawaambia watu kwamba huo ndio mshono mpya. Wiki iliyofuata walikuja wengine kutaka hivyohivyo, na mimi nikawashonea bila kusema neno.

Siku hizi mteja anakuletea simu. Anakuonyesha picha ya mtoto wa mtu huko Dar es Salaam, mshono una marinda mpaka mgongoni, anakwambia, "Fundi, nataka kama hii, kesho." Na wengine hawaji kabisa, wananunua nguo zilizoshonwa tayari. Silalamiki. Ila nguo hizo zina kasoro moja ambayo macho yangu mabovu bado yanaiona, nayo ni upindo mwembamba. Hakuna mahali pa kuachia mtoto akikua.

Upindo ndio uliokuwa moyo wa kazi yangu. Nguo ya mtoto huishonei mwaka huu tu, unashonea na mwakani. Chini unaacha upindo mpana, ubavuni unaacha nyama ya kitambaa, mikononi vilevile, ili mwakani mama akija unafumua, unaachia, mtoto anavaa tena. Akina mama walinung'unika. "Fundi, hili si shati, ni kanzu. Lipunguze kidogo." Nami nilikuwa na jibu moja miaka yote: "Usilikate, mama. Atakua." Wajukuu wangu wamelisikia neno hilo mpaka wakicheza ufundi na matambara yao, ndilo wanaloambiana.

Kuna jambo jingine la kazi hii ambalo hamtalikuta kwenye simu. Huku kwetu hatumkatii nguo mtoto ambaye hajazaliwa. Mimi Mkatoliki na Mzee Rashidi Mwislamu, hapo hatukutofautiana hata kidogo. Mama anakuja na tumbo lake, analeta kitambaa cha watoto alionao. Unakata za hao, na unabana vipimo ili kibaki kipande. Kile kipande unakikunja, unakiweka pembeni, husemi ni cha nini. Naye anakiona, haulizi. Mtoto akishalia, ndipo unakifungua.

Ndivyo nilivyofanya Krismasi iliyopita kwa Anastazia wangu. Ameolewa Majimoto na Fidelis, kijana mkulima wa mpunga. Shule zilipofunga, alikuja kwangu na Konso na Deo ili ajifungulie mjini karibu na hospitali. Fidelis alibaki, kwa maana mvua zilikuwa zimeanza na majaruba hayasubiri mtu. Kitambaa kilikuwa kimoja, cha bluu chenye drafti: gauni la Konso, shati la Deo, na kile kipande ambacho hakina jina.

Mtoto tulimtegemea baada ya mwaka mpya. Yeye hakuwa na habari hiyo, akaja wiki moja kabla ya Krismasi, asubuhi ya mvua, mvulana mzima mwenye sauti. Tukamshukuru Mungu, tukawarudisha nyumbani, na nyumba yangu ikageuka. Nyie mnaojiandaa kuwa wazazi, sikilizeni: mtoto akizaliwa wakati wa mvua, nepi hazikauki. Nilifunga kamba sebule nzima, tukawa tunainama kupita. Nilichomoa pasi yangu ya mkaa, nikawa napiga nepi moja baada ya nyingine, pande zote mbili, mpaka kwenye pindo, kwa sababu nepi isiyopigwa pasi vizuri inaweza kumletea mtoto funza wa ngozi. Cherehani ilikosa nafasi, nikaihamishia chumbani kwangu.

Katikati ya kuinama chini ya kamba za nepi, Deo alianza kupotea.

Simaanishi kwamba alikwenda mahali. Deo ana miaka minne. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa kula huku anaongea, wa kukuuliza jua linalala kwa nani. Mdogo wake alipokuja, akatolewa kitandani kwa mama yake, akaja kulala kwangu. Akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Uji hataki. Akiitwa na mama yake, anasimama mlangoni, haingii. Anaangalia ukuta, halafu anaondoka.

Na wageni walikuja, ndiyo desturi yetu na ni nzuri. Huyu na sabuni, huyu na sukari, huyu na kuku. "Hongera mzazi, na pole." Ananawa mikono, anambeba mtoto, anamsifia. Kisha anamgeukia Deo, kwa sababu na huo ndio utani wetu. "Wee Deo, umepinduliwa!" Mama Sara, jirani yangu, alikuja na lake. Mnajua kwamba huku mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na mimi Deo namwita mume wangu tangu anazaliwa. Mama Sara akamwambia, "Haya baba, bibi yako kapata mume mwingine, tena kijana. Wewe umeachika." Watu walicheka. Na mimi nilicheka, maana Mama Sara ana namna yake ya kusema. Deo alikuwa ameshika ukingo wa meza, akautazama mdomo wangu ukicheka.

Nikajaribu dawa ambayo kila mtu anaijua, kumpa kazi. "Deo, mletee mdogo wako nepi. Deo, mpepee mdogo wako." Alileta, akapepea. Jioni Konso akaniambia, "Bibi, Deo anasema yeye sasa ni dada wa kazi." Nikaacha.

Siku mbili kabla ya sikukuu Anastazia aliniita. Alikuwa ananyonyesha na machozi yanamdondoka juu ya kanga. "Mama, huyu mdogo hana shida, ananyonya, analala. Lakini Deo haniangalii tena. Nimempata huyu nimempoteza yule?" Nilimwambia atazoea tu, watoto ndivyo walivyo. Nilisema hivyo kwa kuwa mama lazima useme kitu. Moyoni nilikuwa naogopa kama yeye. Mtoto asiyekula anakwisha upesi, mashavu yalikuwa yameanza kushuka, na mimi sikuwa na la kufanya.

Mkesha wa Krismasi Fidelis akafika kutoka Majimoto, matope mpaka magotini, na gunia la mchele na jogoo. Alifuatana na dada yake, Yustina, mwanamke mchangamfu ambaye akiingia kwenye nyumba hata majirani wanajua. "Shikamoo mama! Yuko wapi huyo bwana mkubwa?" Akapewa mtoto, akamwinua, akampigia kigelegele. Kisha akamwona Deo. "Shangazi yako nimekuja kuchukua mtu. Huyu mdogo bado ananyonya, siwezi. Nitaondoka na wewe, si ushakuwa mkubwa? Mama yako ana mwingine sasa." Akacheka, akampa Deo pipi. Deo akaipokea kwa mikono miwili kwa adabu, akaiweka juu ya meza, hakuila.

Asubuhi ya Krismasi watu wa misa walikuwa tayari. Konso na gauni lake la drafti anazunguka ili marinda yafunguke. Shati la Deo lilikuwa limening'inia, limepigwa pasi, Deo mwenyewe haonekani. Fidelis akaita nje, akaita chooni, akaja kusimama karibu na mlango wa chumba changu. Alijua kijana wake yuko humo, maana tulisikia kitu kikigonga chuma. Lakini chumba cha mama mkwe hakiingiwi, hata kama kinaungua. Akabaki pale ameangalia pembeni, anaita, "Deo, toka baba, tunachelewa."

Nikamwambia, "Nendeni. Huyu niachieni."

Walipotoka nikaingia. Alikuwa chini ya cherehani, amekaa juu ya pedali, ndani ya matambara yangu. Alikuwa amevaa shati. Si jipya. Lilikuwa la Krismasi ya miaka miwili kabla ya hapo, jekundu, ambalo Krismasi iliyofuata nililiachia upindo wote mpaka ukaisha. Alikuwa ameliingiza kichwa kwa nguvu, mikono imebanwa, kifungo kimekatika, tumbo liko nje.

Nikakaa sakafuni. Siku hizi kukaa chini kwangu ni safari, lakini nikakaa.

"Mume wangu, hilo limeshakubana."

Akalivuta kwa chini, lifunike tumbo.

"Ningeliongeza. Lakini ona hapa chini, upindo umeisha. Bibi hawezi kuliongeza tena."

"Usiongeze shati," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Bibi, si wewe unapunguzaga nguo za watu?"

"Ndiyo, napunguzaga."

"Basi nipunguze mimi. Nikienea hapa, mama atanibeba."

Jamani. Nimepunguza suruali za wanaume walionyong'onyea kwa ugonjwa. Nimepunguza magauni ya mabinti waliokopa ya dada zao. Katika miaka yote sikuwahi kuletewa kazi kama ile. Nililia, siwafichi, nikajifuta kwa tambara la kwanza lililokuwa karibu, na lilikuwa na mafuta ya cherehani.

Nilichukua tepu nikampa. Akanipima pua, kama tulivyozoea, kisha akanirudishia na kusimama wima. Nikampima bega, mkono, urefu, huku shati jekundu limemkaba. Nikamshika mkono tukaenda chumbani kwa mama yake. Alifika mlangoni, akasimama kama alivyozoea. Mimi sikusimama.

Nikamwambia Anastazia nilichoambiwa chini ya cherehani, neno kwa neno. Akafumba macho. Kisha akanipa mtoto mchanga, akasogea ukingoni mwa kitanda, akatugeuzia mgongo. "Njoo, Deo," akasema. "Njoo mgongoni."

Akiwa amekaa hivyohivyo, msije mkafanya makosa. Mzazi wa juzi habebi uzito akasimama. Nilimsaidia Deo kupanda kitandani, akajilaza juu ya mgongo wa mama yake, nikachukua kanga nikawafunga wote wawili, nikaipiga fundo kifuani kwa Anastazia. Deo akaweka shavu pale anapowekaga tangu akiwa mchanga. Anastazia akaanza kuyumba polepole, mbele na nyuma, akaimba kitu kisicho na maneno. Mimi nikakaa kwenye kiti na mchanga wangu kifuani, naye alikuwa amelala fofofo. Hapo nilielewa jambo ambalo nawaambia nyie: mtoto wa wiki moja akishashiba, kifua chochote chenye joto kinamtosha. Yule wa miaka minne ndiye asiyetaka kifua kingine.

Walikaa hivyo muda wa kupika wali mpaka ukakauka. Nikaleta uji, Anastazia akanywesha juu ya bega lake, na kikombe kikaisha. Nje mvua ilikuwa imekatika. Baadaye nikasikia Deo anacheka, cheko lake lenyewe.

"Mama, miguu yangu inagusa chini!"

Kweli iligusa. Alikuwa ameteleza kidogo, miguu imening'inia pembeni ya kitanda, vidole vinafagia sakafu.

"Umekuwa mrefu," mama yake akasema.

Deo akafikiri. "Nifungue basi. Inauma."

Nikafungua fundo. Akashuka mwenyewe. Shati jekundu tulilivua kwa shida, kichwa kikakwama, tukacheka wote watatu. Akavaa la drafti, nikamfunga vifungo, akaniuliza kwa nini mikono ni mirefu, na mimi nikamkunjia bila kumjibu, kwa kuwa jibu analijua.

Waliporudi kanisani, Yustina alikuwa na utani mpya tayari mdomoni. Nilimwona anavyomtafuta Deo kwa macho. Nikamwahi. "Yustina mwanangu, mchele unakungoja jikoni. Na humu ndani leo hakuna aliyepinduliwa." Alinitazama, akamtazama Anastazia aliyekuwa amekaa sebuleni na Deo miguuni pake. Ni mtu mwelewa. Alifunga kanga kiunoni, akaenda jikoni, na alipotoka aliketi karibu na Deo, akamkatia paja la jogoo ambalo kwa kawaida hupewa mtu mzima.

Tulipomaliza kula, Fidelis akamchukua mtoto wake mchanga, ambaye alikuwa ameamua kumwita Emanueli. Akasema kwa utani, "Mama, wewe fundi mzima, mwanangu anakula Krismasi na shuka?" Wote wakanigeukia. Kile kipande cha drafti kilikuwepo, kimekunjwa. Nilikuwa sijakifungua, nilikuwa nimeogopa Deo asije akaona kitambaa chake kinakatiwa mwingine.

Hapo Deo akasimama, akaenda chumbani. Akarudi na shati jekundu. Akalitandika juu ya Emanueli kwa mikono yote miwili, taratibu, kama mtu anayefunika chakula. Shati lilimmeza mtoto. Kichwa hakikuonekana, miguu haikuonekana, Konso akainua kola kumtafuta. Tulicheka mpaka Anastazia akajishika tumbo.

"Limekuwa blanketi," nikasema. "Ngoja nilipunguze." Nikanyoosha mkono nikachukua mkasi, maana mkono wangu huo umeshika mkasi maisha yake yote, nikalivuta shati, nikalikunja pale panapostahili kukatwa.

Deo akaweka kiganja chake juu ya mkasi.

"Usilikate, bibi," akasema. "Atakua."